Ampu ya besi ya kilo mbili: uzito umeenda wapi, na je umeondoka na sauti?

Swali ambalo haliishi wapiga besi wakikutana ni hili: inakuwaje kahedi (hedi ni ampu yenyewe bila boksi la spika) kenye ukubwa wa kitabu, kilo mbili hakafiki, kameandikwa wati 500, wakati lile dubwana la zamani la wati 300 linabebwa na watu wawili tena kwa kupumzika njiani? Kuna wanaosema wati za siku hizi ni za kwenye karatasi tu, kuna ambao walishauza kila kitu kizito na hawataki hata kusikia habari zake, halafu katikati yupo mtu ambaye mgongo umeanza kulalamika, hela anaitafuta kwa shida, na anachotaka kujua ni kimoja tu, akibadilisha atapoteza nini. Huyo wa katikati ndo namwandikia.

Kinachowachanganya watu ni kuuchukua uzito kama kitu kimoja. Uzito ulikuwa umekaa sehemu tatu, kwenye pawa saplai, kwenye saketi ya kukuza sauti, na kwenye boksi la spika, na kila sehemu umepungua kwa sababu yake na kwa gharama yake. Kwenye hedi umepungua karibu bure kabisa. Kwenye boksi sio bure, pale kuna sheria ya fizikia na hiyo hata ulipe kiasi gani haikuachii. Ukishazitenganisha hizi mbili kichwani, nusu ya ubishi wote unaisha.

Tuanze na mfano wa kizito ambao kila mtu anaujua. Ampeg walitoa SVT mwaka 1969, hedi ya tyubu 14 (vile vioo vya kukuza sauti vya kabla ya transista), wati 300, na mwaka huohuo Rolling Stones wakazunguka nazo Marekani. Hedi peke yake inacheza kwenye kilo 38 hivi, boksi lake lenye spika nane za inchi 10 ni kama kilo 63, kwahiyo mpiga besi mmoja anaingia ukumbini na mzigo wa kilo mia. Ukiifungua ile hedi unakuta kilo nyingi ni chuma na shaba, yaani transfoma mbili, moja ya umeme wa ukutani na nyingine ya kutolea sauti kwenda kwenye spika. Tyubu zenyewe ni vioo, hazina uzito wa maana.

Sasa kwa nini transfoma iwe kubwa hivyo? Kwa sababu umeme wa ukutani unapigapiga taratibu, mara 50 au 60 kwa sekunde, na transfoma inapitisha nguvu kidogo kidogo kila pigo. Ni kama kujaza pipa, ukienda kuteka mara 50 tu lazima ndoo iwe kubwa, ukiweza kwenda mara laki moja kikombe kinatosha. Pawa saplai ya kisasa, ile ya kuswichi, inafanya hivyohivyo, inauchukua umeme wa ukutani inaunyoosha kwanza, halafu inaukatakata upya kwa kasi ya makumi au mamia ya maelfu kwa sekunde, kwahiyo transfoma inayobaki inaingia kiganjani na inapitisha wati zilezile. Chaja ya simu yako inatumia mbinu hiyohiyo na hamna anayesema chaji yake ni nyepesi.

Sehemu ya pili ni saketi ya kukuza, na hapa ndo inakuja klasi D. Ampu za zamani za transista, klasi AB, zinaachia umeme kwa kubana na kulegeza, na kila zinapobana kuna nguvu inageuka joto, hata kwenye hesabu za karatasini hazivuki asilimia 78 na nusu, kwenye kazi ya kweli ni chini zaidi ya hapo. Joto hilo linataka vipande vizito vya alumini vya kulipoozea. Klasi D yenyewe haibani, inawasha na kuzima tu, mamia ya maelfu ya mara kwa sekunde, na urefu wa kila mwako ndo unaobeba umbo la sauti, halafu filta ya mwisho inaondoa ule mwendokasi inabaki noti yako. Transista ikiwa imewaka kabisa au imezimika kabisa inapoteza nguvu kidogo sana, kwahiyo asilimia 90 inafikika, joto kidogo, alumini kidogo, feni ndogo basi.

Na watu wasidhani klasi D ni ujanja wa juzi. Sinclair wa Uingereza waliuza seti ya vipande vya ampu ya klasi D ya kujiungia mwenyewe, X-10, mwaka 1964, ila transista za wakati ule hazikuwa na kasi inayotakiwa. Kwa upande wetu wa besi, Marekani kulikuwa na Walter Woods, fundi aliyekuwa anatengeneza vihedi vidogo tangu miaka ya 1970, na wapiga besi wa jazz, hasa wale wa besi kubwa la kusimama, walivipenda mno, maana ukishabeba lile zigo la mbao mkono unaobaki ni mmoja. Leo Aguilar Tone Hammer 500 ni kilo 1.8, Trace Elliot ELF ni wati 200 kwenye gramu 700 na kidogo, inaingia mfuko wa pembeni wa begi la gitaa. Mimi hilo la mfuko wa pembeni naliona kubwa kuliko watu wanavyolichukulia, kwa sababu hata kama hutaki kuachana na hedi yako nzito, hiyo ndogo inakaa kwenye begi kama akiba na siku kubwa ikigoma katikati ya shoo unaendelea.

Haya, kama hedi imepungua bure mbona watu wazima wenye masikio yao wanasema hedi nyepesi haina kifua? Hawasemi uongo, wanachosikia kipo, ila sababu mara nyingi sio wanayoitaja.

Chukua hiyo hiyo hedi ya wati 500. Hizo 500 zinatoka ikiunganishwa na mzigo wa omu 4, na omu ni kipimo cha jinsi boksi linavyozuia umeme. Mtu ananunua, anaiweka juu ya boksi moja dogo la spika moja ya inchi 12, geuza boksi nyuma usome kile kibandiko, omu 8. Kwenye omu 8 hedi ileile inatoa wati 250. Wakati hedi ya tyubu ina transfoma ya kutolea sauti yenye swichi ya kuchagua omu, ukichagua inayolingana na boksi unapata wati zote. Kwahiyo jamaa ametoka kwenye wati 300 kamili zinazosukuma spika nane akaingia kwenye wati 250 zinazosukuma spika moja, halafu lawama zote anaitupia klasi D. Kabla hujasema lolote kuhusu hedi nyepesi angalia kwanza kibandiko cha omu, nasisitiza sana hapo.

Jambo la pili ni namna zinavyofika mwisho. Tyubu ikizidiwa haikatiki ghafla, inajibana polepole, vilele vya noti vinalainika na mkia wa noti unapanda, sauti inajaa na sikio linaitafsiri kama ukubwa. Ndo maana wati 300 za tyubu unaweza kuzipiga hadi mwisho na kupita na bado ukasikia raha. Transista, iwe AB au D, ni safi mpaka ukingoni, halafu wengi wameweka limita inayoshika kichwa cha noti kabla haijapasuka. Mtu aliyezoea kukanyaga tyubu akija huku anaona kama noti inagonga ukuta. Dawa yake ni kuwa na wati za ziada ambazo hutazitumia muda wote, au kuweka pedali ya kompresa na ya mkwaruzo mwepesi mbele, na preampu nyingi za siku hizi (ile sehemu ya mwanzo inayochonga sauti kabla ya pawa) zinaiga mjibano huo vizuri tu. Kingine, kila kampuni inachonga preampu yake kwa ladha yake, nyingine zinapunguza chini kidogo kimyakimya ili kulinda spika hata vitufe vyote vikiwa katikati, kwahiyo ukilinganisha hedi mbili ukaona moja nyembamba huenda unasikia mchongo huo wa preampu, pawa haihusiki.

Na wati zenyewe zisikutishe. Kuongeza wati mara mbili kunakupa desibeli 3 tu, utasikia tofauti ila sio ya kuruka kitini. Ili sikio liseme sasa imekuwa kubwa mara mbili unahitaji kama desibeli 10, yaani wati mara kumi. Ugomvi wa 500 dhidi ya 600 hauna faida yoyote. Wati ni za bei rahisi siku hizi, kitu ghali ni hewa, na hewa inasukumwa na boksi.

Tuje kwenye boksi basi, sehemu ya tatu, ambako mambo yanakuwa magumu. Hapa kilo zimeondoka kwenye vitu viwili, sumaku na mbao. Spika za zamani zina sumaku ya feriti, lile duara zito jeusi la nyuma. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 watafiti wa Japani na wa Marekani, kila upande kivyake, walitengeneza sumaku ya neodimi iliyochanganywa na chuma na boroni, yenye nguvu mara kadhaa kwa ujazo uleule, kwahiyo kipande kidogo kinafanya kazi ya lile duara zima na spika moja inaweza kupungua uzito hadi nusu. Zidisha kwa spika nne uone. Mbao nazo, badala ya MDF au plaiwudi nene ya milimita 18 wanatumia plaiwudi nyembamba zaidi, wanaitia mihimili ndani ili kuta zisitetemeke, na mihimili ikiwekwa kwa akili boksi linakuwa gumu kuliko lile zito la zamani.

Watu wanauliza neodimi inasikikaje. Sumaku haina sauti! Koili ya spika, ule waya uliozungushwa ndani yake, inajali nguvu ya uga wa sumaku na umbo lake, haijui umetoka kwenye madini gani. Tofauti unayosikia kati ya spika mbili inatoka kwenye koni (ile sehemu ya mbele inayosukuma hewa), koili, ile pete laini inayoshikilia koni, na boksi lenyewe. Neodimi ina udhaifu wake wa kweli, haipendi joto, gredi za kawaida zinaanza kupoteza nguvu ukipita nyuzi joto 80 hivi, na vile lile duara kubwa la chuma halipo, joto la koili lina sehemu ndogo ya kukimbilia, kwahiyo spika nzuri ya neodimi ni ile iliyotobolewa njia za hewa na kusanifiwa vizuri. Bei yake nayo haitabiriki, mwaka 2011 ilipaa vibaya China ilipobana uuzaji nje wa madini hayo, na watengenezaji wengine wakarudisha spika za feriti kwenye orodha zao. Usije ukakataa boksi zuri la feriti eti kwa sababu sio neodimi, kama kilo zake zinabebeka linatosha.

Lakini yote hayo bado ni kilo tu. Shida inaanza tunapotaka boksi liwe jepesi na DOGO. Kuna kanuni wahandisi wa spika wanaiita sheria ya chuma ya Hofmann, ya Josef Anton Hofmann, yule ambaye ndo H ya kampuni ya spika ya KLH, inasema hivi: boksi dogo, besi ya chini kabisa, na sauti kubwa kwa wati chache, chagua mbili, ya tatu sahau. Ukiona tangazo la boksi linaloahidi zote tatu jua kuna moja haipo. Vingi vya hivi vidogo vinachagua udogo na besi ya chini, halafu vinalipa kwa kula wati, na kwa kuwa wati sasa ni rahisi biashara inaenda, mpaka koni ifike mwisho wa mwendo wake.

Huo mwisho wa mwendo ndo ukuta wenyewe. Ili kupata sauti yenye ukubwa uleule, kila ukishuka oktavu moja koni inatakiwa isafiri mara nne zaidi. Waya wa E ulio wazi, ule mnene kuliko wote kwenye besi ya nyuzi nne, ni hezi 41, B ya besi ya nyuzi tano ni hezi 31, kwahiyo ukiongeza kitufe cha besi kwenye boksi dogo unaiambia ile koni isafiri umbali ambao haina. Na eneo nalo linahusika, spika nane za inchi 10 zikijumlishwa zina eneo zaidi ya mara tano ya spika moja ya inchi 12. Spika za kisasa zina mwendo mrefu kuliko za 1969 na hilo linafidia kiasi, sio lote.

Cha kushangaza hapa, lile boksi la Ampeg la spika nane kwa vipimo vya kampuni yenyewe linaanza kushuka kwenye hezi 58, yaani hata ile E ya wazi msingi wake umeshapungua sana kwenye sauti ambayo dunia nzima inaiita nene. Unene tunaousikia unatoka kwenye noti za juu yake, zile pacha za hezi 80 na 120, sikio likizipata hizo linajaza lenyewe hiyo ya chini. Kwahiyo anayetaka kifua kwenye boksi jepesi afanye kinyume cha mkono unavyotaka, asipandishe kitufe cha besi, apandishe kati ya chini, pale karibu na hezi 100 hadi 250, na aweke filta ya kukata chini ya hezi 35 au 40. Filta hiyo nyingi zinaiita HPF, hedi kadhaa zinayo ndani, nyingine unainunua kama pedali. Unachokata hukisikii, ila koni unaiona inaacha kuhangaika na ghafla una nafasi ya kuongeza volyumu. Kwa maoni yangu hiki ndo kifaa chenye faida kubwa kuliko vyote kwa mtu anayehamia vitu vyepesi, na ndo kinachosahaulika kuliko vyote.

Kama unaniuliza nini ninunue, ningeanza na boksi moja jepesi la inchi 12 la omu 8 na mpango wa kuongeza pacha wake baadaye. Maboksi mawili ya omu 8 yakiunganishwa yanakuwa omu 4, hedi inatoa wati zake zote, ukichanganya na eneo la koni lililoongezeka unapata kama desibeli 6 juu, ambazo kwenye jukwaa ni nyingi. Kila moja ni mkono mmoja, shoo ndogo unaenda na moja, kubwa mbili. Yapange moja juu ya jingine wima, usiyaweke ubavu kwa ubavu, ya juu inakaribia sikio lako na sauti za kati zinasambaa upana vizuri zaidi, wewe ukijisikia hutashindana na volyumu ya mpiga drams. Maboksi ya omu 4 mawili yanakuwa omu 2 na hedi nyingi za klasi D mwisho wake ni omu 4, kwahiyo ukianza na la omu 4 umejifungia mlango wa kuongeza.

Pia jiulize kwenye shoo zako nani anabeba kazi ya kufikisha besi kwa watu. Kama ukumbi una PA, yaani mitambo yake ya sauti, yenye sabufa, waya wa DI kutoka kwenye hedi unapeleka besi kwa miksa na boksi lako linabaki la kukusikilizisha wewe na mpiga drams, hapo moja dogo linatosha kabisa, na wengine wameacha hata hilo, wanabeba pedali ya preampu na vipokea sauti vya masikioni basi. Kwenye DI weka swichi iwe kabla ya EQ, vile vitufe vya kurekebisha sauti, ili ukijirekebishia jukwaani usimharibie fundi mitambo kule mbele. Ila kama unapiga sehemu ambazo PA ni ya sauti za waimbaji tu, boksi lako ndo PA ya besi na hapo usijidanganye na kidogo kimoja, hamna hedi ya kukuokoa.

Kuna vitu vidogo vya kujua kabla hujaunganisha. Hedi nyingi za klasi D nyaya zote mbili za spika zina umeme, hamna upande wa ardhi, kwahiyo tumia waya wa spika wenye kichwa cha Speakon, usitumie waya wa gitaa na usiunganishe kifaa kingine chochote kwenye hiyo njia. Nyuma ya hedi soma voltiji, kuna zinazokubali 100 hadi 240 zenyewe na kuna zenye swichi, ukisafiri na yenye swichi bila kuangalia unaiunguza. Halafu hedi ya kilo moja na nusu haitulii juu ya boksi, mtetemo unaisogeza taratibu na uzito wa nyaya unaivuta kwa nyuma, wimbo wa tatu unakuta iko ukingoni, weka kitambaa cha mpira chini yake na funga nyaya kwenye mshikio wa boksi zisining'inie.

Matengenezo ndo hoja ya watu wa vizito ninayoiheshimu kabisa. SVT ya 1970 fundi mwenye mchoro anaitengeneza leo, vipande vinaonekana kwa macho na vinauzwa. Hedi nyepesi ikifa pawa, mara nyingi inabadilishwa moduli nzima, na kampuni ikiacha kuitengeneza hiyo moduli unabaki na kisanduku kizuri tu. Kwahiyo nunua kwa kampuni ambayo ina historia ya kuhudumia vitu vyake, na hedi nzito kama unayo na inafanya kazi usiharakishe kuiuza, iache nyumbani au studio ambako haibebwi.

Na ukienda kujaribu usijaribu dukani peke yako kwa sauti ya chini, hapo kila kitu kinasikika kitamu. Azima, ipeleke mazoezini na bendi nzima, vitufe vyote katikati, volyumu ya shoo, mwambie mwenzako akupigie besi wewe utembee hadi mwisho wa chumba, maana chumba kinaibadilisha besi kadiri unavyosogea na pale uliposimama mbele ya boksi ndo sehemu mbaya kuliko zote ya kuihukumu.